Kwa Mjomba: Skauti wamenielemea, na nyumbani hakukaliki

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni fundi friji hapa Mtwara mjini, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Huu ni mwaka wa nne naongoza skauti wa shule moja ya msingi kwa kujitolea. Sikupanga. Nilikwenda pale kutengeneza friji ya duka la shule, nikawakuta watoto uwanjani wanahangaika na kamba, wanafunga fundo linalofunguka lenyewe. Utotoni nilikuwa skauti kule Masasi, nikashindwa kunyamaza, nikaweka bisibisi chini nikawaonesha. Wiki iliyofuata mwalimu akanipigia simu. Hivyo ndivyo nilivyoingia, na mlango wa kutokea sijauona mpaka leo.

Kikosi kina watoto 41, wa kike 15. Mwalimu tuliyekuwa naye alihamishwa mwaka jana na hajaletwa mwingine. Kwa hiyo anayepiga filimbi ni mimi, anayebeba mahema ni mimi, anayeandika mahudhurio ni mimi, na kambini anayekoroga uji saa kumi na moja alfajiri ni mimi huyo huyo. Tunakutana kila Jumamosi, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja.

Mwezi Juni tulipiga kambi siku tatu ufukweni. Mchango ulikuwa shilingi 12,000 kwa mtoto, watoto 32. Waliolipa yote ni 21, waliolipa nusu 6, na 5 hawakutoa kitu, lakini ningewaacha vipi wakati wameshavaa skafu na begi liko mgongoni? Nikawachukua. Matumizi yalifika 375,000. Nilizopokea ni 288,000. Iliyobaki niliitoa mfukoni mwangu, na ilikuwa pesa ya kununulia gesi ya friji ya mteja. Tumerudi, baba mmoja akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: "32 mara 12,000 ni 384,000. Watoto wamekula dagaa siku tatu. Nyingine ziko wapi?" Wakamwekea vidole gumba. Nilijitoa kwenye kundi usiku ule ule na sijarudi.

Mke wangu naye ana lake. Anasema watoto wa watu wananijua kuliko wanangu. Mwanangu mdogo wa miaka mitano juzi ameniita "mkuu", kama wanavyoniita skauti. Mke wangu hakucheka.

Mengine ni madogo madogo. Oktoba, msimu wa korosho umechanganya, mama mmoja alikwama kwenye foleni ya mizani huko chama cha msingi cha ushirika, simu imezima. Binti yake, miaka 13, nilikaa naye shuleni mpaka saa mbili kasoro usiku, kisha nikampakia kwenye pikipiki yangu nikampeleka kwao, nje kidogo ya mji. Shangazi yake alitupokea mlangoni, akaniangalia juu mpaka chini, hakusema asante. Baadaye nikasikia maneno sokoni. Pia kila akija mgeni wilayani, shule inataka skauti wapange viti na kusimama juani. Pia kuna bibi mmoja jirani ananilaumu kwamba nawafundisha watoto utovu wa adabu, maana wakinikuta njiani wananipa mkono wa kushoto.

Lililonivunja nguvu hasa ni la mwezi huu. Nina kijana mmoja, kiongozi wa patroli (kikundi kidogo ndani ya kikosi), ndiye niliyekuwa namtegemea. Nilishapanga mafunzo ya likizo ya Desemba, nimeshaomba uwanja. Asubuhi moja nafungua karakana, nakuta mbele ya mlango mtu amechora duara mchangani na nukta katikati. Ni alama yetu ya njia, maana yake "nimekwenda nyumbani". Kumbe wajomba zake wamempeleka jando, yeye na wenzake saba. Mafunzo yamekufa.

Mjomba, niache au niendelee? Nimechoka, ila kila nikiandika barua ya kuacha naichana.

Mkuu Aliyechoka, Mtwara

Nimesahau: mahema mawili tuliyopewa na msamaria yameota ukungu. Niliyakunja yakiwa mabichi siku ya kurudi kambini. Yanafaa tena?

*

Marahaba mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikakuhurumia kwa ile pesa. Mara ya pili nikakaa sawa kwenye kiti, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote umelifukia katikati ukaliita "dogo dogo". Naanza na hilo, na usiponielewa hapa basi mengine usiyasome.

Mwanamume mzima na binti wa miaka 13, wawili peke yao, shule tupu, usiku, kisha pikipiki. Mimi nakuamini. Ulifanya kile ambacho moyo wako ulikiona ni wema. Lakini shangazi yule hakuwa na namna ya kuujua moyo wako, aliiona pikipiki tu, na mimi nikiwa mahali pake ningekuangalia vile vile. Tena ningeuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu katika jamii anayeona dalili ya mtoto kudhuriwa atoe taarifa, kwa hiyo shangazi anayekodoa macho anafanya kazi yake. Skauti wenyewe, duniani kote, wana sera ya kumlinda mtoto, na mzizi wake ni huu: mtu mzima hakai faragha na mtoto asiye wake. Hili linamkinga mtoto na mtu mbaya. Linakukinga na wewe na maneno ya sokoni, lakini hilo la pili ni faida tu. La kwanza ndilo sababu.

Sasa utaniuliza, mjomba, ningemwacha pale gizani? Hapana. Ungemwita mlinzi wa shule mkae watatu mahali penye taa. Ungempigia mwenyekiti wa mtaa. Ungegonga nyumba ya mwalimu wa kike jirani, umwombe amkalishe binti kwake mpaka ndugu waje. Au ungemwita mkeo aje na bajaji mkampeleka pamoja. Njia zilikuwepo, ila saa mbili kasoro usiku mtu aliyechoka hazioni, ndiyo maana huandikwa mapema, mchana. Kila mtoto awe na namba mbili za simu kwenye daftari, ya mzazi na ya mtu mwingine wa karibu, na jina la anayeruhusiwa kumchukua. Na Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa kwa nusu ya wazazi wa kikosi mikorosho ndiyo saa yao na kwenye mizani haondoki mtu mpaka gunia lake lipimwe, badili saa. Kutaneni asubuhi, saa tatu mpaka saa tano. Mama akichelewa masaa matatu, jua bado liko utosini.

Nenda kwa mama wa yule binti wiki hii. Usiende peke yako, nenda na mkeo. Sema: siku ile nilimleta mwanao peke yangu usiku, haikuwa sawa, haitajirudia, na utaratibu mpya ni huu. Usijitetee zaidi ya hapo. Ukianza kueleza sana utaonekana una la kueleza. Kisha uwafundishe watoto wote, wa kike na wa kiume, namba 116, ile ya bure ya kumsaidia mtoto, na uwaambie inafaa hata kama anayewaudhi ni mkuu wao. Utaona uzito kuitamka sentensi hiyo mbele yao. Itamke.

Tuje kwenye pesa.

Baba aliyezidisha alizidisha sawasawa. 32 mara 12,000 ni 384,000 kweli, na asingejua kwamba sita walilipa nusu na watano hawakulipa, kwa sababu hukumwambia mtu. Kosa lake ni kuuliza kwa kebehi. Kosa lako ni kukaa kimya tangu Juni, na kujitoa kwenye kundi. Hapa kwetu mtu anayetuhumiwa akaondoka barazani ameshajibu. Rudi. Omba urudishwe, kisha uandike maneno kama haya, usiongeze chumvi:

"Wazazi wenzangu, habari za siku nyingi. Hesabu ya kambi ya Juni ni hii. Waliolipa kamili 21, waliolipa nusu 6, ambao hawakujaaliwa 5. Tulipokea 288,000. Tulitumia 375,000. Daftari na risiti viko karakana kwangu, karibuni mtazame. Nimechelewa kuwaletea, na kuchelewa huko ni kosa langu."

Basi. Majina ya wasiolipa usiyataje, hata ukibanwa. Na ile 87,000 usiitaje. Anayejua kuzidisha anajua na kutoa.

Tena usiwahi kushika tena pesa ya watoto wa watu peke yako. Kwenye wazazi 41 hawakosi akina mama wanaocheza vikoba. Umewahi kuona kisanduku chao? Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayeandika siye anayehesabu. Wanawake ambao shule hawakufika mbali wanatunza mamilioni kwa namna hiyo na hakuna anayejitoa kwenye kundi usiku. Waombe wawili wawe watunza mchango wa skauti. Wewe ukihitaji mchele, omba mchele.

Na nani alikwambia ukusanye mchango mwezi wa tano? Mei na Juni mkulima wa Mtwara anatafuta pesa ya vibarua wa kupalilia na wa kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, chungu chake chenyewe kinayumba. Pesa ya korosho inaingia baada ya minada, kuelekea mwisho wa mwaka. Mchango wa kambi ya Juni uitishwe Novemba na Desemba, kidogo kidogo, mzazi akiwa ametoka kulipwa. Ukichelewa mpaka Februari imeshakuwa bati la nyumba au pikipiki ya kijana.

Au punguza kambi yenyewe. Kutoka mjini mpaka Mikindani ni kama kilomita kumi, watoto wa umri huo wanatembea wakiimba. Wapeleke wapande mpaka kwenye boma la Wajerumani lililojengwa 1895, watazame ghuba kutoka juu, wachore ramani ya walichokiona: misikiti, mibuyu, madau, barabara. Waambie kwamba mwaka 1866 Livingstone alianzia safari yake ya mwisho pande hizo. Viazi vya kuchemsha na maji kwenye chupa, jioni mmerudi. Hakuna hema, hakuna dagaa wa kulalamikiwa. (Ingawa mimi dagaa siku tatu sioni ubaya wake. Yule baba alelewe upya.)

Sasa uchovu wako. Unasema ni wewe unayepiga filimbi, wewe unayebeba mahema, wewe unayekoroga uji. Mpwa wangu, hiyo si skauti, hiyo ni yaya wa watoto 41. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya ile kambi ya majaribio kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, vijana walikuwa kama ishirini tu, na bado hakuwaongoza yeye mmoja mmoja. Aliwagawa patroli nne, kila moja na kijana wake kiongozi, na kijana huyo ndiye aliyebeba dhamana ya wenzake. Mchezo wote umejengwa juu ya hapo. Wewe una watoto 41, maana yake patroli sita, na kila patroli ina mpishi wake, mtunza vifaa wake, mwandishi wake. Uji utaungua. Uache uungue. Mtoto aliyekula uji ulioungua kwa mkono wake Jumamosi hii, ijayo atakaa karibu na sufuria. Nahisi unafanya kila kitu kwa sababu unakifanya vizuri zaidi, nami naujua ugonjwa huo, nilifundisha mpira wa watoto miaka sita na mpaka viatu nilikuwa nawafunga mimi.

Mtu mzima wa pili, hata hivyo, si wa hiari. Na kwa kuwa una mabinti 15, lazima mwanamke awepo kila mkutano na kila kambi. Mwandikie mwalimu mkuu na kamishna wa skauti wa wilaya, barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Tafuta mama kati ya wazazi, au binti aliyemaliza kidato cha nne aliyewahi kuvaa skafu. Usimfanye mkeo awe jibu la bure la tatizo hili. Ameshakwambia anachotaka, na si filimbi.

Mkeo ana haki, na sitazunguka. Toka kila Jumamosi uje Jumamosi mbili kwa mwezi. Ya kwanza na ya tatu za skauti. Zilizobaki karakana ikifungwa unarudi nyumbani, simu ya kikosi inabaki kwenye mkoba. Gesi ya mteja ni chakula cha wanao, na ulipoigusa uliwachangisha wao bila kuwauliza. Mwambie mkeo ni kiasi gani, kama hajui. Nina hakika anajua.

La jando nimelibakiza kwa sababu hapo umenigusa penyewe. Mimi ni mjomba, na kwetu Wamakonde anayempeleka mwali likumbini, yaani kambi ya jando, ni mjomba, kwa hiyo wale "wajomba zake" unaowalalamikia ni mimi na wenzangu. Hatukukuibia kijana. Desemba shule zimefungwa, serikali yenyewe inatusisitiza tusiwatoe watoto darasani kwa ajili ya jando na unyago, tumetii, sasa unatukuta na wewe uko kwenye likizo hiyo hiyo na uwanja umeomba. Kabla ya kupanga ungewauliza wazazi: mwaka huu nani anampeleka mwanawe jando? Swali moja. Mafunzo yako yapeleke Juni au siku za mwisho wa wiki katikati ya muhula.

Nakuonya la mbele pia. Atarudi amebadilika. Mtoto aliyetoka jando hataki tena kuamrishwa kama mtoto, na huenda asipende kukaa mstari mmoja na ambao bado. Usimkaripie, wala usimdadisi alichofundishwa, hicho hakikuhusu. Mpe kazi ya kikubwa zaidi, kwa mfano umkabidhi patroli ya wadogo awafundishe ramani, na hapo hapo usimruhusu awadharau walio nyuma yake. Kwa mabinti waliochezwa unyago, mambo hayo mwachie yule mama utakayempata.

Na lile duara lenye nukta. Umelisoma kama mtu aliyetorokwa. Mimi nimelisoma tofauti. Mtoto anapelekwa jando, usiku wake wa mwisho, ana mambo chungu nzima kichwani, na bado amepita kwako gizani kukuaga kwa lugha uliyomfundisha wewe. Alama hiyo hiyo imechorwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, Kenya, alikofariki Januari 1941. Kijana hakuiharibu kazi yako. Ameitumia.

Viti na wageni: nenda mara moja kwa muhula, nyingine kataa kwa adabu, na siku ya kwenda watoto wanywe maji na wasimame kivulini. Mkono wa kushoto: masimulizi ya skauti yanasema Baden-Powell aliuchukua kwa Waashanti wa Ghana ya leo, ambao ngao hushikwa kushoto, hivyo ukimpa mwenzio mkono huo umeweka ngao chini. Hadithi nzuri, ila bibi jirani hana habari nayo. Kushoto iwe skauti kwa skauti, ndani ya kikosi. Njiani mbele ya wazee watoto watoe shikamoo kama walivyolelewa, na wewe uwe wa kwanza kwenda kumwamkia bibi.

Uache au uendelee? Sikupi ndiyo wala hapana, nakupa tarehe. Shule zikifunguliwa Januari, itisha kikao cha wazazi, uwasomee hesabu, uwaombe watunza pesa wawili na kiongozi wa kike mmoja. Wape mpaka mwisho wa Machi. Akipatikana, endelea na Jumamosi zako mbili. Asipopatikana, acha, tena bila kuona haya: kabidhi mahema, sufuria, kamba na daftari kwa mwalimu mkuu kwa maandishi, asaini, nakala kwa kamishna. Kikosi kisicho na mtu mzima wa pili kinapaswa kusimama, hata kama mkuu wake ni malaika. Barua hiyo hutaichana kwa sababu utakuwa umeiandika ukiwa na sababu, si hasira.

Mahema yanafaa, kama kitambaa hakijaanza kuchanika ukikivuta kwa vidole. Yatoe leo. Usiyafutie ukungu ndani ya nyumba, unga wake unakera kifua. Yasugue kwa brashi laini yakiwa makavu, kisha yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kipande, na penye madoa uweke siki iliyochanganywa na maji. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo vinakula kitambaa. Yatundike kwenye kamba upepo uyapite, ugeuze ndani nje, na kwa unyevu huu wa pwani ngoja siku mbili, si moja. Ukigusa mishono na bado ni baridi, hayajakauka. Waite patroli mbili wafanye hiyo kazi wenyewe, nawe ukae kwenye kiti.